Bega Lililorudishwa Si Bega Lililopona

Neno kuteguka limezoeleka mno viwanjani mwetu hapa Ngoingwa, Thika, hata limepoteza uzito wake. Twalitumia kwa kifundo cha mguu kilichoshtuka, na papo hapo kwa bega lililotoka mahali pake, ilhali mambo hayo mawili hayafanani. Mchezaji wa raga akiteguka bega, wenzake humvuta mkono, kiungo kikarudi, naye akahesabiwa amepona. Miezi michache baadaye bega lile lile hutoka tena. Safari hii, pengine, kwa kunyanyua tu mkono aandike ubaoni.

Sababu ni wazi. Bega linapotoka mara ya kwanza, aghalabu kichwa cha mfupa wa mkono hung'oa ukingo wa gegedu unaokizuia ndani ya kijibakuli chake. Mfupa hurudi, ukingo hubaki umechanika. Walio hatarini zaidi ni vijana, hasa wa chini ya miaka 20. Isitoshe, kila tukio jipya laweza kuumega mfupa, na bandu bandu huisha gogo.

Tiba yake si ngeni. Mwaka 1923 mpasuaji Mwingereza, Arthur Bankart, alieleza jinsi ya kuushikiza tena ukingo huo. Mwaka 1954 Mfaransa Michel Latarjet akaeleza namna ya kuhamisha kipande cha mfupa ili kuukinga upande wa mbele wa kiungo. Si kila mgonjwa ahitajiye kisu. Wapo watoshekao na mazoezi ya kuimarisha misuli. Lakini uamuzi huo ni wa daktari wa mifupa baada ya picha, si wa mkandaji wala kocha.

Hata kisu chenyewe ni nusu ya safari. Mkono hutungikwa kwa wiki kadhaa, kisha hufuata mazoezi ya hatua kwa hatua chini ya mtaalamu wa tiba ya viungo. Kurejea katika mchezo wa kugongana huchukua yapata miezi sita. Hapo ndipo subira yetu huisha, mwanafunzi akarudishwa uwanjani kwa kuwa fainali imekaribia.

Walimu wenzangu, bega likitoka, hata mara ya kwanza, lisivutwe uwanjani. Mwanafunzi apelekwe hospitali. Ile ya Thika Level 5 haiko mbali. Akishatibiwa, apewe muda wake wote. Nanyi wanafunzi, kukataa kucheza kabla ya kuruhusiwa si woga. Kombe hushindaniwa kila mwaka. Bega halina akiba.