Mkaguzi Si Askari, na Nauli Si Jinai

Nasema wazi tangu mwanzo, ili asiyetaka kuudhika afungue ukurasa mwingine: nchi inayomfunga mtu jela kwa sababu ya nauli ya treni haina ubavu wa kumfundisha mtu ustaarabu. Nchi ninayoisema ni Ujerumani. Naishi Berlin, usiku naosha vyombo hotelini, mchana naandika riwaya ambayo mwisho wake bado unanikimbia. Ninayoyaandika hapa nayaona kila siku nikienda kazini.

Sisi tuliokulia kwenye daladala za Mbagala tunamjua konda. Huna nauli? Utatukanwa, utashushwa kituo kinachofuata, abiria watacheka, basi, yamekwisha. Konda ana mdomo mrefu lakini hana gereza.

Berlin hakuna konda. Wala vituo vya treni za mjini havina mageti. Unashuka ngazi, treni inakuja, unaingia, unakaa. Baada ya vituo viwili watu wawili waliovaa kama mimi na wewe wanasimama ghafla na kutoa vitambulisho: tiketi! Usiwe nayo, unadaiwa euro 60. Kabla ya mwaka 2015 zilikuwa 40.

Sasa, ndugu msomaji, wewe unayeota kuja huku siku moja, lishike hili vizuri. Mkaguzi si askari. Wengi wao ni waajiriwa wa kampuni za ulinzi zilizokodiwa. Sheria inayompa nguvu ya kukuzuia ni kifungu cha 127 cha sheria ya mwenendo wa jinai, na kifungu hicho kimeandikwa kwa ajili ya kila mtu: yeyote anayemfumania mwenzake katika kosa anaweza kumshika mpaka polisi waje, ikiwa mtu huyo anataka kutoroka au hajulikani ni nani. Yeyote! Hata yule bibi aliyekaa jirani yako na kikapu cha viazi ana mamlaka hayo hayo. Ukishajulikana kwa jina na anwani, na hukimbii, mkaguzi hana tena sababu ya kukushika. Kukupekua mifuko hana ruhusa. Kukunyang'anya simu hana ruhusa. Nguvu anayoweza kutumia ni ile ya kukuzuia tu, si ya kukuadhibu. Ukikataa kumtajia jina ataita polisi, na hao lazima uwaambie ukweli.

Hiyo ndiyo sheria ya kwenye karatasi. Kwenye jukwaa la treni nimeona wanaume watatu wamembana kijana ukutani, mmoja kamkaba shingo, na kijana mwenyewe ameshatoa kitambulisho kiko mkononi mwao. Abiria walikuwa wanatazama saa ya ukutani. Nani amwambie mkaguzi kwamba amevuka mpaka, wakati kila mtu anaamini kwamba aliyeshikwa ni mhalifu?

Na hapo ndipo penye kidonda. Mkaguzi anapata kiburi kwa sababu nyuma yake kuna kifungu cha 265a cha sheria ya jinai: kusafiri bila kulipa ni kosa la kifungo cha hadi mwaka mmoja, au faini. Kifungu hicho kiliingizwa mwaka 1935, chini ya utawala wa Hitler. Utawala ule ulianguka, kifungu kikabaki. Kinamwadhibu mtu "anayenyemelea" huduma. Kanyemelea nini, bwana, mtu aliyekaa kitini mchana kweupe mahali pasipo na geti? Mahakama ya juu ya shirikisho ilijibu mwaka 2009: inatosha kwamba alionekana kama msafiri aliyelipa. Kwa maneno mengine, kosa lake ni kukaa kwa utulivu.

Halafu utaratibu wake! Mara nyingi hakuna hata kusikilizwa. Hukumu inakuja kwa barua, na usipoipinga katika wiki mbili imekuwa hukumu kamili. Asiye na makazi ataipokea wapi hiyo barua? Faini inahesabiwa kwa siku, na asiyelipa anaingia ndani. Mpaka Januari 2024, faini ya siku 30 ilikuwa siku 30 za gereza. Tangu Februari mwaka huo ni 15. Wamekata nusu ya dhuluma, wakabaki na nusu nyingine.

Najua kuna atakayesema: je, sisi tunaolipa ni wajinga? Si wajinga. Mwenye treni ana haki ya kudai nauli yake, tena na zile euro 60 juu yake, kama mwenye nyumba anavyodai kodi. Hilo ni deni, na deni lina mahakama yake. Lakini mwenye gari akiegesha palipokatazwa, kwa sheria hiyo hiyo ya Kijerumani hilo si jinai, analipa, anaondoka. Mwenye gari anavunja utaratibu, mtembea kwa miguu anatenda uhalifu. Hiyo ndiyo haki? Na siku moja ya mfungwa inamgharimu mlipakodi zaidi ya euro 100. Unatumia mamia kulipiza kisasi cha nauli ya euro chache.

Wenyewe wanalijua hili. Tangu Desemba 2021 mfuko wa michango uitwao Freiheitsfonds unawalipia watu faini na kuwatoa gerezani, wamezidi 1,000. Mji wa Düsseldorf uliamua mwaka 2023 kuacha kuwashtaki. Mwaka 2024 wizara ya sheria iliandika rasimu ya kuliondoa kosa hili katika sheria ya jinai, lakini Novemba mwaka huo serikali ya mseto ikavunjika kabla rasimu haijawa sheria.

Basi waifufue. Wakilifuta kosa hili, mkaguzi atarudi kuwa mkusanya madeni, hatakuwa na mhalifu wa kumkaba. Na sisi vijana tunaoshika kalamu tusiwaandike hawa kama wezi katika hadithi zetu. Mwizi anaingia kwa kujificha. Hawa waliingia mlango ulio wazi, mfukoni hawana kitu.