Pizza yetu ya kambini isigeuzwe ripoti



Wiki mbili zilizopita niliweka hapa picha ya pizza tuliyopika na vijana wa Jumamosi, hapa Nakivale, juu ya babula ya makaa. Picha moja tu. Majibu yakaja ya aina mbili. Mdogo wangu mmoja akaandika: "Kaka, watu wanalala njaa, nyie mnapika chakula cha wazungu?" Halafu mfanyakazi mmoja wa shirika, mtu ambaye ninamheshimu, akaandika: "Hongereni sana! Huku ndiko kujitegemea. Naomba picha hii niiweke kwenye ripoti."

Jibu la kwanza liliniuma kidogo. La pili liliniuma zaidi, na ilinichukua siku kadhaa kujua kwa nini. Leo nataka kuwajibu wote wawili, kwa heshima.

Nianze na wewe mdogo wangu.

Pizza haikuanza kuwa chakula cha matajiri. Ilikua Napoli, mji wa bandari kusini mwa Italia, miaka ya 1700 na 1800, kati ya watu waliobanana kwenye vyumba vidogo, wengine bila hata jiko la kupikia. Walikula barabarani. Muuzaji anapita na pizza, anakukatia kipande kulingana na pesa uliyo nayo. Juu yake kulikuwa na chumvi, kitunguu saumu, mafuta ya nguruwe, nyanya, au samaki wadogo kama hawa ndagala wetu. Kulikuwa hata na pizza ya deni: unakula leo, unalipa baada ya siku nane. Nani kati yetu hajui hilo daftari la deni dukani?

Na matajiri waliidharau. Carlo Collodi, yule mwandishi wa hadithi ya Pinocchio, aliandika mwaka 1886 kwamba pizza inaonekana kama uchafu. Baadaye watu wa kusini mwa Italia wakahama kwa maelfu kutafuta maisha Marekani, wakaenda nayo. Mwaka 2017 UNESCO ikaiweka kazi ya wapika pizza wa Napoli kwenye orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu. Ni chakula kilekile. Kilichobadilika ni macho ya watu.

Hata chapati tunayokula hapa kila asubuhi ililetwa Afrika Mashariki na watu kutoka India. Leo Mganda anaifunga na mayai, anaita rolex, na hakuna anayeuliza kama ni chakula cha wageni. Kwa hiyo usituambie pizza si yetu. Chakula cha masikini waliohama, bana, kama si chetu ni cha nani?

Sasa niwaambie tulifikaje kwenye picha ile.

Mwaka fulani kulikuja mafunzo ya kuoka mikate. Sitataja ni ya nani. Walileta oveni kubwa ya umeme na mashine ya kukanda unga. Tulifundishwa wiki chache, tukapewa vyeti, tukapigwa picha tukiwa tumevaa kofia nyeupe. Mradi ulipokwisha, jenereta ikarudi ilikotoka. Oveni ilibaki. Nilipoiona mara ya mwisho ilikuwa imewekewa makaratasi juu. Karibu wote tuliofunzwa hatukuoka tena, kwa sababu tulikuwa tumejifunza kubonyeza mashine. Unga wenyewe hatukuujua.

Aliyenifundisha unga ni mama mmoja jirani, Mrundi, anayeuza mandazi na mikate midogo asubuhi. Hana cheti. Siku moja nilimwambia kwamba bila oveni siwezi kitu. Akacheka, akaniambia: "Mwanangu, osha mikono, njoo ukande." Niliyojifunza siku ile njo haya.

Chukua nusu kilo ya unga wa ngano. Mimina kwenye beseni safi. Weka kijiko kimoja cha chai cha hamira kavu, ile sisi wa Kongo tunaita levire, kijiko kimoja cha sukari, kijiko kimoja na nusu cha chumvi, na vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya kupikia. Maji, tumia chupa ya soda ya kioo, ile ya mililita 300. Chupa moja inatosha. Kama unga bado mkavu, ongeza kidogo kidogo.

Maji yawe ya uvuguvugu. Tumbukiza kidole, hesabu mpaka kumi. Kama kinaungua kabla ya kumi, na hamira itakufa, maana hamira ni kitu hai. Hapa wengi wanaharibu, halafu wanasema wameuziwa hamira mbovu.

Kanda dakika kumi. Usidanganye. Dakika tatu za kwanza unga unashika vidole na unataka kuongeza unga mwingine. Usiongeze. Endelea kusukuma kwa kiganja, kunja, geuza, sukuma tena. Ukifika dakika ya saba au nane unaanza kuwa laini na unavutika bila kukatika. Funika na kitambaa kilicholowa kidogo, weka pahali pa joto, saa moja mpaka saa moja na nusu, hadi uumuke mara mbili. Gawanya mafungu manne.

Kama hamira ni ghali kwako, tumia robo kijiko tu na maji ya baridi, kanda saa mbili usiku, funika, ulale. Asubuhi utakuta umeumuka wenyewe, na utamu umezidi. Muda unafanya kazi ya hamira. Muda tuko nao mwingi hapa, si ndo?

Unga wa mahindi peke yake haufai, hauvutiki, utapasuka. Lakini ukichanganya vikombe vinne vya ngano na kimoja cha mahindi, inakubali vizuri.

Kupika: weka kikaango kizito kwenye babula, moto wa kadiri. Tandaza fungu moja mpaka liwe jembamba, weka bila mafuta, funika dakika mbili au tatu. Likitoa malengelenge na chini limepata rangi, geuza. Sasa upande ule ulioiva ndiyo unaupaka nyanya ulizopika na kitunguu na chumvi mpaka zikawa nzito. Ukiweka nyanya zenye maji, pizza italowa. Ongeza ulicho nacho: ndagala waliokaangwa, kitunguu, pilipili, lengalenga. Funika na kifuniko cha chuma, weka makaa machache juu ya kifuniko. Dakika tano. Moto wa chini unaivisha unga, moto wa juu unaivisha vya juu. Hiyo njo oveni yetu, na haihitaji jenereta.

Jibini? Hapa Isingiro tuko katikati ya nchi ya ng'ombe wa Ankole. Chemsha lita moja ya maziwa, epua, kamulia maji ya ndimu vijiko vitatu au vinne, koroga polepole. Maziwa yatakatika. Chuja kwenye kitambaa safi, tia chumvi. Haliyeyuki kama lile la kwenye sinema, lakini ni tamu, na umelitengeneza mwenyewe.

Jumamosi ile tulikuwa vijana kumi na wawili: Wakongo, Warundi, Msomali mmoja, na wasichana wawili kutoka Rwanda. Tulitumia kilo moja na nusu ya unga tuliyochangia. Kijana mmoja ambaye kawaida haongei na mtu alikanda dakika kumi kamili bila kuinua kichwa, halafu akauliza: "Naweza kubeba fungu moja, nikamwonyeshe mama?" Akalibeba kwenye mfuko. Jumamosi iliyofuata akaja na mdogo wake, na mdogo wake tayari alijua kukanda. Hakuna aliyewaandikisha kwenye orodha.

Mdogo wangu, hiyo ndo maana ya picha. Hatukuwa tunajifanya tumeshiba. Ukijua unga huu mmoja unajua mkate, maandazi yaliyoumuka, na pizza. Ni mikono ileile. Na mikono ukihama unahama nayo. Nyumba yetu ya Uvira ilibaki, viti vilibaki, hata vyeti vyangu vya shule ya msingi vilibaki. Alichokijua mama yangu kwa mikono tulikula nacho njiani.

Sasa nigeuke kwako, ndugu yangu wa shirika, uliyetaka picha kwa ripoti.

Najua ulikuwa na nia njema. Lakini hilo neno kujitegemea, tumeshaona linafuatwa na nini. Tangu 2023 msaada wa chakula kwa wakimbizi hapa Uganda uligawanywa makundi matatu, na kundi la tatu likaambiwa linaweza kujilisha. Mwaka 2025 wengine wengi zaidi wakatolewa. Najua pesa za wafadhili zimepungua, sikulaumu wewe. Ninaogopa kitu kimoja tu: kwamba picha yetu ya pizza ifike kwenye meza ya mtu wa mbali, aitazame, aseme, "Hawa wameshaweza."

Hebu tupige hesabu pamoja. Dada mmoja wa grupu letu alianza kuuza pizza hizi kwa vipande, kipande kwa bei ya chapati. Mwezi wa kwanza aliuza vizuri. Nani walikuwa wanunuzi wake? Majirani. Na majirani walinunua kwa pesa gani? Wengi, kwa ileile pesa ya msaada. Pesa ilipopunguzwa, hakupoteza msaada wake peke yake. Alipoteza na wateja. Makaa yalibaki bei ileile, unga ulibaki bei ileile, na vipande vikabaki kwenye sahani. Siku hizi anauza siku mbili kwa wiki tu. Ufundi haukumwisha. Kilichoisha ni pesa ya mtaa.

Kwa hiyo ukisema biashara ndogo zitachukua nafasi ya mgao, ujue biashara hizo zimesimama juu ya mgao huohuo. Ukiuvuta wa chini, wa juu anaanguka. Hili si somo la chuo kikuu, mimi nimeishia sekondari, lakini nimeliona kwa macho kwenye sahani ya dada yule.

Uganda imetupa kitu ambacho wakimbizi wa nchi nyingi hawana. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea. Tunashukuru, na kweli tunataka kuitumia. Lakini haki ya kufanya kazi haijazi tumbo la mzee, la mlemavu, la mama mwenye mapacha. Hao hawawezi kukanda unga waishi. Na hata sisi wenye mikono, tunahitaji mtu wa kununua.

Basi ukitaka kutusaidia kwa jambo hili la unga, mimi naona hivi. Usituletee oveni ya umeme pahali pasipo umeme. Kabla ya kuleta mkufunzi kutoka mjini, uliza kwanza nani mtaani anajua, umlipe yeye. Yule mama Mrundi amefundisha vijana wengi kuliko mradi wowote niliouona, na hajawahi kulipwa hata soda. Mnapokuwa na mkutano, nunueni vitafunwa kwa wale mliowafundisha, badala ya kuvitoa Mbarara kwa gari. Na kama ni lazima picha iingie kwenye ripoti, andika chini yake kwamba unga ulichangwa na vijana wenyewe, na kwamba wawili kati yao walikuja bila kula tangu jana. Yote mawili ni kweli, na yote mawili yako kwenye picha ileile.

Kuna wengine watasema: basi acheni pizza, pikeni ugali na maharage, msijiletee matatizo. Hapana. Mtu mwenye njaa ana haki ya kujifunza kitu kizuri. Hatutaficha furaha yetu ili tuonekane tunastahili msaada, na pia hatutaki furaha hiyo iwe sababu ya kunyimwa. Watu wa Napoli walikula pizza na walikuwa masikini. Siku ile ile, mdomo uleule.

Jumamosi hii tunakanda tena, saa tatu asubuhi, pahali petu pa kawaida. Kila mmoja aje na kikombe kimoja cha unga. Asiye nacho aje na mikono tu, tutagawana. Mdogo wangu uliyeuliza swali, nakusubiri wewe wa kwanza, na fungu lako utalibeba nyumbani. Na wewe ndugu wa shirika, karibu sana. Acha simu kwenye gari, osha mikono, ukande dakika kumi na sisi.

 Kama naona vibaya, niambieni hapa chini, tuongee.