Hela ya gitaa hakuna, lakini baba yupo

Kijana wa kidato cha tatu anapomwambia baba yake kwamba anataka gitaa la umeme, nyumba nyingi zina majibu mawili. La kwanza ni kwamba hela hakuna. La pili ni kwamba muziki haulipi, ashike kitabu kwanza.

Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake. Gitaa jipya na spika yake si bei ya mchezo, na ada ya shule haisubiri. Lakini lipo jibu la tatu, na baba mmoja wa viungani mwa London alilitoa mwaka 1963: kama hela ya kununua hakuna, basi litengenezwe nyumbani.

Baba huyo aliitwa Harold May, mtaalamu wa elektroniki aliyezoea kutengeneza vitu vya nyumbani kwa mikono yake. Mwanawe wa pekee, Brian, alikuwa na miaka 16. Magitaa ya Fender na Gibson yaliyokuwa yakitamaniwa na vijana wa wakati ule hayakulingana na kipato cha familia. Brian huyo ndiye aliyekuja kuwa mpiga gitaa wa Queen, bendi ambayo mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946.

Vitu vilivyokuwa ndani ya nyumba

Baba na mwana walianza kazi Agosti 1963. Iliwachukua takriban miaka miwili, wakitumia zaidi vifaa vya mkono. Gharama yote inatajwa kuwa kama pauni 8.

Shingo ya gitaa waliichonga kutoka kwenye mbao kuukuu ya mahogani iliyokuwa imezunguka sehemu ya kuotea moto, ambayo rafiki wa familia alikuwa anaitupa. Mbao hiyo ilikuwa na matundu ya wadudu. Waliyaziba kwa njiti za kiberiti.

Mwili wa gitaa ulitoka kwenye meza kuukuu ya mti wa mwaloni na vipande vya mbao za kuunganisha, kisha wakaufunika kwa tabaka jembamba la mahogani ili uonekane kama kipande kimoja. Alama za duara kwenye shingo, zinazomwonyesha mpigaji mahali pa kuweka vidole, zilikuwa vifungo vya nguo kutoka kwenye kikapu cha kushonea cha mama.

Sehemu ya kuyumbisha sauti iliegemea makali ya kisu cha zamani, ikavutwa na springi mbili za vali za pikipiki. Mkono wake ulitoka kwenye chuma cha kubebea mkoba wa baiskeli, na ncha yake ilikuwa kipande cha sindano ya mama ya kufumia sweta.

Hesabu nayo ilikuwemo. Vile vyuma vyembamba vilivyolala kwenye shingo, yaani freti, havipangwi kwa kukadiria macho. Kila nafasi ni ndogo kuliko iliyotangulia kwa karibu asilimia 5.6, na freti ya 12 hukaa katikati kabisa ya urefu wa uzi. Ikikosewa kidogo tu, gitaa zima linaimba vibaya. Kijana anayelalamika kwamba hesabu za shule hazina kazi angepata jibu lake hapo.

Kilichoharibika kikarekebishwa

Gitaa la umeme hutoa sauti kwa sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa kwenye waya na kwenda kwenye spika. Brian alinunua sumaku akatengeneza vinasa sauti vyake mwenyewe.

Vilifanya kazi, ila vilikuwa na kasoro. Kila alipousukuma uzi pembeni kwa kidole, sauti ilikatika na kubadilika, kwa sababu ya namna ncha za sumaku zilivyopangwa. Hatimaye alinunua vinasa sauti vitatu vya kampuni ya Burns, akavijaza gundi ngumu ili visipige kelele visivyotakiwa. Maarifa aliyoyapata kwa kutengeneza vile vya kwanza ndiyo yaliyomwezesha kuvirekebisha vile vya dukani.

Hapo wazazi wengi hushindwa. Mtoto akiharibu, mkubwa humpokonya kifaa amalizie mwenyewe ili kazi iishe. Kazi inaisha kweli, na mtoto anaondoka na kitu kizuri ambacho hakukitengeneza.

Kumalizia ndiko kunakochosha

Mbao zikishaungana, gitaa linaonekana kama limekwisha. Bado. Kuna kupiga msasa mkavu, kisha msasa laini zaidi, kupaka vanishi, kusubiri ikauke, kupiga msasa tena, kupaka tena. Gitaa la akina May lilipakwa matabaka mengi hadi likapata wekundu uliokolea uliolipa jina lake, Red Special.

Hatua hii haina msisimko, na ndipo vijana wengi huacha kitu kimefikia robo tatu. Mzazi anayekaa hapo, akishika upande wa pili wa mbao jioni ya Jumamosi, humsaidia mtoto kuliko yule aliyetoa hela siku ya kwanza akapotea.

Baba aliyesaidia kutengeneza ndiye aliyeumia

Kisa hiki kingeishia kwenye vanishi kingekuwa kitamu tu. Kina upande mwingine.

Brian alikuwa mwanafunzi mzuri. Alisoma fizikia Imperial College, London, akaanza utafiti wa shahada ya uzamivu kuhusu vumbi lililomo kati ya sayari. Queen ilipoanza kushika kasi katika miaka ya 1970, aliuacha utafiti akafuata muziki.

Harold aliumia. Alikuwa amejinyima mengi ili mwanawe asome, na sasa elimu ile ilikuwa inawekwa kando kwa ajili ya gitaa ambalo yeye mwenyewe alisaidia kulitengeneza. Brian amesimulia jinsi uamuzi huo ulivyoupoza uhusiano wao kwa muda. Baadaye wazazi walikwenda kumwona akipiga Madison Square Garden, New York, na baba akakubali kwamba sasa ameelewa.

Harold alifariki mwaka 1988. Mwaka 2007 mwanawe alimaliza shahada ile ya uzamivu, akiwa na umri wa miaka 60. Baba hakuiona.

Wazazi wengi watajiona kwa Harold. Mtu humfundisha mtoto kushika randa, kupima na kuvumilia, akidhani anampa kitu cha kujifurahisha siku za mapumziko. Mtoto anakichukua kitu hicho anakwenda nacho mbali kuliko mzazi alivyopanga. Malezi yale hayakupotea. Yametumika mahali ambapo mzazi hakupachagua.

Kwa mzazi anayetaka kujaribu

Si lazima kuanza na gitaa la umeme. Watoto wa Afrika Mashariki wamekuwa wakitengeneza magitaa kwa galoni, kipande cha mbao na nyaya nyembamba tangu zamani. Hilo linatosha kumfundisha mtoto jinsi uzi ukikazwa unavyopandisha sauti.

Kwa kijana aliye tayari kwa kazi kubwa zaidi, fundi seremala wa mtaani ana vipande vya mbao ngumu iliyokauka. Mbao mbichi isitumike kwa shingo, maana itapinda. Wakati wa msasa, pua na mdomo vifunikwe kwa barakoa. Vanishi ipakwe nje au madirisha yakiwa wazi. Nyaya za ndani ya gitaa zina umeme mdogo sana, lakini kikuza sauti kinachochomekwa ukutani kisifunguliwe na kijana. Hicho ni cha fundi.

Zaidi ya hayo, baba au mama na kijana wakubaliane mapema kuhusu masomo: saa ngapi ni za vitabu na saa ngapi za karakana. Na wanapopiga msasa, wazungumze kuhusu maisha ambayo kijana anayaona mbele yake. Mikono ikiwa na kazi, vijana huongea mambo ambayo hawayasemi wakiitwa sebuleni kuhojiwa. Harold na Brian walikuwa na miaka miwili ya jioni za namna hiyo. Mzazi wa leo akizipata hata kumi, azitumie kusikiliza.