Unaliona Gari, Je, Dereva Anakuona?



Katika kazi yangu ya ukarani wa parokia naandika vitabu vitatu: cha ubatizo, cha ndoa na cha wafu. Mwaka mmoja, katika miezi ya baridi, niliandika katika kitabu cha tatu jina la kijana aliyegongwa na gari alfajiri, akija Misa ya kwanza. Alikuwa amevaa kabuti jeusi, na ukungu ulikuwa umeshuka. Dereva alilia akisema, “Sikumwona.” Wengi hawakumsadiki. Walisema, “Taa zake zilikuwa zikiwaka. Atakosaje kumwona mtu aliye mbele yake?” Mimi nilimsadiki, na leo nataka kuwaeleza sababu.

Jicho halitoi nuru, hupokea tu. Kitu huonekana pale nuru inapotoka kwake na kuingia jichoni. Taa ya gari ina nuru yake yenyewe, ndiyo maana unaliona gari likiwa bado mbali. Lakini wewe huna nuru yako. Nuru ya zile taa yapasa kwanza ikufikie, kisha irudi mpaka machoni pa dereva. Nguo nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya nuru. Kabuti jeusi huimeza karibu yote. Basi wewe unaliona gari, na dereva hakuoni.

Ukungu wetu wa Usambara huongeza shida. Ni matone madogo sana ya maji, na kila tone hutawanya nuru huku na huku. Dereva akiwasha taa za juu, nuru nyingi humrudia yeye mwenyewe, akaona ukuta mweupe tu.

Tupige hesabu kidogo. Gari liendalo kilometa 50 kwa saa hupita karibu meta 14 kila sekunde. Tangu dereva akuone mpaka mguu wake ukanyage breki, sekunde moja hivi imekwisha pita, na gari bado halijaanza kupunguza mwendo. Na barabara ya kutoka Mombo, kupitia Soni mpaka Lushoto, hupanda kiasi cha meta elfu moja, kona baada ya kona, mlima huku na bonde huku. Pa kukwepea ni padogo.

Sasa waiteni watoto, wachukue kioo kidogo na kukinga nuru ya jua, wairushe ukutani, wala si machoni mwa mtu. Wataona kwamba nuru huondoka kiooni kwa pembe ile ile iliyojia. Kioo kikiinama kidogo, nuru huenda pengine. Kwa hiyo kioo cha kawaida mgongoni mwako kisingemsaidia dereva.

Lakini tazameni kile kidude chekundu nyuma ya baisikeli. Ndani yake mna vipembe vingi vidogo, kila kimoja chenye pande tatu zikutanazo kama kona ya ndani ya sanduku. Nuru hugonga upande wa kwanza, wa pili na wa tatu, kisha hurudi kule kule ilikotoka, yaani kwa dereva. Hakitumii betri wala waya. Hudai kitu kimoja tu: kifutwe matope.

Wengine watasema, “Baisikeli yangu ina dainamo.” Vema. Ndani ya dainamo sumaku huzunguka karibu na waya uliokunjwa mara nyingi, na umeme huzaliwa katika waya. Jambo hilo aligundua Michael Faraday wa Uingereza mwaka 1831. Kwa kanuni hiyo hiyo maji ya Mto Pangani yalianza kutoa umeme pale Hale mwaka 1964. Lakini gurudumu likisimama, taa ya dainamo huzimika. Nasi watu wa milimani husukuma baisikeli pengine kuliko kuipanda! Hapo kile kidude chekundu ndicho kinachobaki kukulinda.

Basi, fanyeni hivi. Kwa kuwa magari yetu hupita kushoto, aendaye kwa miguu ashike upande wa kulia, apate kuyaona yanayomjia. Juu ya kabuti jeusi jifungeni kitambaa cheupe. Mwenye tochi aiwashe, hata kama anaijua njia.

Na kama baba hasadiki, usiku huu asimame uani hatua thelathini kutoka mlangoni, kwanza na kabuti lake, kisha na shuka jeupe begani. Mtoto ammulike kwa tochi, akiishika karibu na macho yake, aseme anaona nini. Mama naye asikubali mtoto atoke alfajiri bila kitu cheupe mwilini.

Jumapili tuonane kanisani, hesabu kamili.