Kifaa Hakijui Kwamba Kiko Kitengela

Uingiapo buchani pale Kitengela kununua kilo moja ya mbuzi, jicho lako hutua wapi kabla nyama haijawekwa kwenye mizani? Bila shaka kwenye mshale. Usipokuwa kwenye sufuri, umepunjwa hata kabla hujatoa pesa. Leo nataka tutazame mizani ya aina nyingine, ile inayopima oksijeni iliyoyeyuka majini.

Mama mmoja wa huko anafuga ngege katika kidimbwi nyuma ya nyumba. Mpwa wake, mwanafunzi wa chuo, alimletea kifaa cha kupimia.

"Shangazi, kikikuonyesha miligramu 3 kwa lita, usiwe na wasiwasi," akamwambia.

Kila alfajiri kifaa kilionyesha 3. Kila alfajiri samaki walikuwa juu ya maji wakipanua midomo, na chakula walikisusa. Je, nani alikuwa mwongo?

Kifaa hakikuwa kibovu. Kijana alikuwa amekisawazisha kwa jedwali la vitabuni, linaloonyesha kwamba maji ya nyuzi 20 yaliyoshiba hewa huwa na miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita. Ni kweli, lakini ni kweli ya Mombasa, ufuoni mwa bahari. Kitengela iko takriban mita 1,600 juu ya bahari. Hewa huko ni nyepesi, nayo husukuma oksijeni kidogo zaidi majini. Wakimbiaji wetu wanaofanyia mazoezi Iten wanaijua hewa hiyo kwa mapafu yao. Huko Kitengela maji hayo hayo hushiba kwa miligramu 7.5 tu.

Basi piga hesabu. Kifaa kililazimishwa kuita 7.5 kuwa 9.1. Hivyo kiliposema 3, ukweli ulikuwa 2.5. Ngege ni mvumilivu, lakini chini ya 3 huanza kutaabika. Na alfajiri ndiyo saa mbaya zaidi, kwa kuwa usiku mimea ya majini haitengenezi oksijeni, bali huitumia.

Vifaa vingi vya kisasa hupima vyenyewe mgandamizo wa hewa. Kama chako hakina uwezo huo, hebu fuata hatua hizi:

Kwanza, kagua utando wa kichwani. Usiwe umechanika wala kuwa na povu ndani yake.

Pili, weka sponji yenye maji ndani ya chupa, uning'inize kichwa cha kifaa humo bila kugusa maji. Usikaze kifuniko. Kiache kivulini kwa dakika 10 hadi 15, mpaka joto litulie.

Tatu, soma joto, kisha tafuta namba yake kwenye jedwali. Kwa Kitengela, izidishe kwa 0.82. Namba utakayopata ndiyo utakayoweka kwa mkono. Ukisawazishia Magadi, kwenye takriban mita 600, zidisha kwa 0.93. Mjini Kajiado ni juu kuliko Kitengela, kwa hiyo namba hupungua tena.

Nne, hakikisha sufuri. Yeyusha chumvi ya salfaiti ya sodiamu katika maji safi. Chumvi hiyo humaliza oksijeni yote, na kifaa kinapaswa kushuka karibu na 0. Kisha kioshe vizuri.

Tahadhari moja: mgandamizo wa hewa unaotangazwa katika habari za hali ya hewa kwa kawaida huwa umegeuzwa uwe kana kwamba uko usawa wa bahari. Usiutumie. Tumia ule wa mahali uliposimama.

Na ukijaza kidimbwi kwa maji ya kisima kirefu, kumbuka kwamba mara nyingi hutoka ardhini yakiwa na oksijeni haba. Yaache yaanguke kutoka juu na kurukaruka kabla hayajawafikia samaki.

Yule mama sasa husawazisha kifaa mwenyewe. Kilipomwonyesha 2.5, alijua la kufanya: akapunguza chakula na kuyatibua maji kwa pampu kabla ya mapambazuko. Mpwa wake naye amejifunza kwamba kitabu hakikuandikiwa Kitengela.

Wewe mwanafunzi unayepima maji ya mto au ya kidimbwi cha shule, kabla hujaandika namba daftarini, jiulize kama mshale ulianzia mahali pake. Chombo hurudia tu kile ulichokifundisha.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.