Ukimnyang'anya simu, hatakuambia tena

Hebu tuongee, wewe unayempa mtoto simu ndio atulie kidogo.

Dada yangu anauza mitumba mjini Kitale. Akifika Kibomet jioni amechoka, mtoto anachukua simu yake na kucheza gemu ugali ukipikwa. Ana miaka 11. Juzi nilimpata nyuma ya nyumba akilia kimya. Kuna mtu walicheza naye gemu, akamtumia zawadi, halafu akamwomba picha ya uso. Baadaye akataka picha akiwa bila nguo. Mtoto alikataa, lakini alibeba hiyo siri wiki mbili. Nikamuuliza mbona hakusema.

"Mum angechukua simu."

Hiyo ilinikata, kwa sababu ni ukweli. Sis alipojua, kitu cha kwanza alitaka ni kuipasua. Namuelewa, lakini hapo tunamfunza mtoto kwamba anayesema ndiye anayeadhibiwa. Mwenye kuwinda watoto anapenda sana mtoto wa aina hiyo.

Na usidhani ni watu wa mbali tu. Utafiti wa Disrupting Harm uliofanywa hapa Kenya, ripoti yake ikatoka 2021, ulionyesha kwamba mara nyingi anayemdhulumu mtoto mtandaoni ni mtu ambaye tayari anamjua. Kwa hivyo "usichati na strenja" haitoshi.

Yakitokea, usifute chochote kwa hasira. Hifadhi jina la akaunti na meseji, ndio umbloki. Piga 116, laini ya Childline Kenya, ni bure. Na kama kuna picha ya uchi ya mtoto, usiisambaze kwa grupu ya mtaa ati unaonya wazazi. Kusambaza picha kama hiyo ni kosa chini ya sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya 2018, na aibu inabaki kwa mtoto.

Mimi niliacha chuo, na hii haikuhitaji digrii. Kwa nyumba nyingi ni sisi vijana tuliomfunza mathe WhatsApp na kumwekea paswadi. Basi hii kazi pia ni yetu.

Leo, kabla umnunulie mtoto bando, mwambie hivi: "Ukiniletea shida ya simu, simu haiendi popote." Halafu siku akikuletea, timiza.