Mwano Usiishie Mpakani

Nkome, katika Wilaya ya Geita, iko ukingoni mwa Ziwa Victoria. Mbele yake ni maji ya nchi tatu. Nyuma yake ni ardhi yenye dhahabu. Mvuvi akinyang'anywa mashine ya mtumbwi wake usiku, amenyang'anywa mtaji wa miaka. Mnyang'anyi akiuvuka mstari wa mpaka, ambao hauonekani majini, polisi anayemfuatia hana budi kusimama. Dhahabu nayo ikishatoroshwa na kuyeyushwa, haisemi ilichimbwa wapi. Je, ni haki mpaka umzuie askari na kumpisha mwizi?

Swali hili wananchi wa Shinyanga walikwisha kulijibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wezi wa ng'ombe walipowachosha wakulima wa Kahama na kwingineko, wananchi waliunda sungusungu. Nguvu yao kubwa haikuwa upinde na mshale, bali mwano: ukelele ukipigwa kijiji kimoja, kijiji cha pili huupokea na kuufikisha cha tatu, na mwizi hukuta njia zote zimefungwa. Ni kweli kwamba baadhi ya vikundi hivyo vilipotoka, vikapiga na hata kuua watu wasiohukumiwa na mahakama yoyote. Ndiyo maana mwaka 1989 viliwekewa sheria. Fundisho ni wazi: ushirikiano bila sheria huzaa ukatili, na sheria bila ushirikiano hubaki karatasi.

Kati ya mataifa, karatasi hazijapungua. Tanzania ina Sheria ya Kurejesha Wahalifu ya mwaka 1965 na Sheria ya Kusaidiana katika Mambo ya Jinai ya mwaka 1991. Wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki waliunda shirikisho lao, EAPCCO, mwaka 1998. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya uhalifu wa kupangwa unaovuka mipaka ulipitishwa mwaka 2000, na Tanzania ikauridhia mwaka 2006. Machi 2021 mataifa yalikutana tena Kyoto, Japani, katika kongamano la 14 la kuzuia uhalifu. Kilichopungua ni kasi, na ujasiri wa kumgusa mnunuzi.

Kuhusu kasi, mfano upo. Februari 2018 Kenya ilikamata takriban kilo 35 za dhahabu iliyotoroshwa kutoka Mwanza kwa ndege hadi Nairobi. Dhahabu hiyo ilikabidhiwa Ikulu, Dar es Salaam, Julai 2019, pamoja na fedha zilizoibwa katika benki moja ya Moshi mwaka 2004. Kenya ilitenda kiungwana na inastahili kupongezwa. Lakini dhahabu ilichukua miezi 17 kurudi, na fedha miaka 15. Mwano unaojibiwa baada ya miaka 15 haumkamati mtu.

Kuhusu mnunuzi, ukweli ni mchungu zaidi. Mwaka 1983 Serikali iliwasaka walanguzi na wahujumu uchumi kwa sheria maalumu, lakini mkono wake ulikomea mpakani. Machi 2019 lilifunguliwa soko la madini Geita, ili mchimbaji mdogo auze kwa haki. Hatua hiyo ilifunga mlango wa ndani. Wa nje ungali wazi. Mwaka huo huo shirika la habari la Reuters lilieleza kwamba Falme za Kiarabu zilisajili mwaka 2016 tani 446 za dhahabu kutoka Afrika, na sehemu kubwa yake haikuwamo katika hesabu za mauzo za nchi za Afrika zenyewe. Tani hizo hazikubebwa na wachimbaji wa Geita wenye sururu. Kama si mpokeaji, mwizi angeiba ili amuuzie nani?

Wapo wasemao kwamba kuwaruhusu polisi wa jirani kufuatilia mambo yetu ni kupunguza uhuru wa taifa. Hoja hiyo haina msingi. Kijiji kilichoitikia mwano wa jirani hakikupoteza mashamba yake. Taifa ambalo mali yake hutoroshwa usiku ndilo linalopoteza uhuru wake.

Kwa hiyo namba za mashine zilizoibwa zifike vituo vya polisi vya pande zote tatu za ziwa siku ile ile. Masoko ya ng'ambo yamtake kila muuzaji athibitishe asili ya dhahabu yake, na asiyeweza ashitakiwe kama mpokeaji wa mali ya wizi. Mtumishi wa serikali asiliache lalamiko la mvuvi lilale katika jalada, kwani ombi kwa nchi jirani huanzia kwenye taarifa iliyoandikwa vizuri. Mwalimu naye awafundishe vijana kwamba anayemwuzia mlanguzi gramu moja ya dhahabu ameitoa dawa katika zahanati ya kijiji chake. Wakulima wa Kahama waliifanya kazi hii bila simu wala ndege. Serikali zenye vyote viwili hazina kisingizio.